Maneno ya Kiingereza Yanayotuchanganya Siyo Yale Yanayowachanganya Waingereza

Orodha za maneno ya Kiingereza yanayochanganywa zimejaa kila mahali: mwishoni mwa vitabu vya sarufi, katika picha zinazosambazwa kwenye makundi ya simu, na katika vijitabu vinavyouzwa pamoja na madaftari ya wanafunzi. Karibu zote huanza kwa kumwonya msomaji asichanganye "their" na "there", "your" na "you're", "its" na "it's". Nimezisoma nyingi, na maoni yangu ni kwamba zimetungwa kwa ajili ya watu wengine. Zimetungwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani wenyewe, na makosa zinayoyatibu ni makosa ya mtu aliyekijua Kiingereza kwa sikio kabla hajakiona kwa jicho.

Mtoto wa London au Chicago ametamka "their" na "there" kwa miaka kadhaa kabla ya kushika penseli, na kwa sikio lake maneno hayo ni sauti moja. Anapoanza kuandika, analazimika kuigawa sauti hiyo mara mbili, na hapo ndipo anapojikwaa. Mwanafunzi wetu amepita njia nyingine kabisa. Yeye aliliona neno "their" ubaoni likiwa na tafsiri ya "yao" pembeni yake, na siku nyingine akaliona "there" likiwa na tafsiri ya "pale". Tangu mwanzo yalikaa kichwani mwake yakiwa maneno mawili yasiyohusiana. Anaweza kukosea herufi kwa haraka, kama anavyoweza kukosea neno lolote, lakini hachanganyi maana. Kumtwisha orodha hiyo ni kumpotezea saa ambazo angezitumia kwa makosa anayoyafanya kweli.

Ninafundisha Kiingereza kwa watu wazima hapa Tanga, nyakati za jioni, baada ya kazi zao. Wanaokuja ni makarani wanaoshughulika na mizigo ya bandarini, vijana wanaowaongoza wageni kwenye mapango ya Amboni au kuwapeleka Pangani, wafanyabiashara wa Ngamiani, na wengi wanaoandika barua za kuomba kazi, hasa tangu ulipoanza ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Makosa yao hayafanani na yale ya orodha. Wanasema "borrow me your pen", "I am hearing cold", "I have come to follow my child". Kila moja ya sentensi hizo imesimama juu ya Kiswahili sahihi kabisa, na kwa sababu hiyo haiwezi kurekebishwa bila kukitazama Kiswahili chenyewe.

Nianze na kuazima, kwa kuwa ndilo kosa linalosikika zaidi. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa kitu kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa muda, na kuuachia muundo wa sentensi kazi ya kuonyesha nani ametoa na nani amepokea. "Nimemwazima Asha mwamvuli" maana yake mwamvuli ni wangu. "Nimeazima mwamvuli kwa Asha" maana yake ni wa Asha. Msikilizaji hakosei. Kiingereza hakina njia hiyo, na kimeamua kuwa na vitenzi viwili: "lend" kwa mwenye kitu, na "borrow" kwa anayekichukua. Anayetafsiri "niazime kalamu" atachukua mojawapo ya vitenzi hivyo viwili, na mara nyingi atachukua kile alichokizoea zaidi, ambacho ni "borrow".

Vitabu humwambia mwanafunzi akariri kwamba "lend" ni kutoa na "borrow" ni kupokea. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini haishiki kichwani, kwa sababu bado inaning'inia kwenye neno moja la Kiswahili. Mimi nimeacha kuanzia kwa kuazima. Ninaanzia kwa kukopa. Katika mambo ya fedha Kiswahili kimetenganisha pande mbili kwa ukali kuliko hata Kiingereza: kukopa na kukopesha. Hakuna mtu wa Tanga atakayemwambia mwenzake "nikope elfu kumi" akiwa na maana ya "nikopeshe". Basi "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha, iwe ni fedha, kalamu au baiskeli. Jioni moja mama anayeuza vitenge alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza:

"Mwalimu, kwa hiyo mtu akiniambia 'borrow me' ni kana kwamba ananiambia nimkope yeye mwenyewe, nimchukue kisha nimrudishe?"

"Ndivyo hasa, mama," nilimjibu. "Mwingereza ataelewa unachotaka kwa sababu ya mazingira, lakini sentensi yenyewe inasema hivyo."

Tangu hapo sijaona njia nyingine ya kulifundisha jambo hili iliyo fupi kuliko hiyo. Inafaa pia kujua kwamba upande wa nyumba mambo yamegeuka: sisi tuna kupanga na kupangisha, lakini kitenzi "rent" hutumika kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba pia, kiasi kwamba "he rents a house in Ngamiani" inaweza kumhusu yeyote kati yao. Waingereza wanaongeza neno dogo "out" au kutumia "let" kwa mwenye nyumba pale wanapotaka kuondoa shaka. Hapo mkanganyiko ni wao, na Mswahili anatakiwa tu asishangae kuukuta.

Kundi hili, yaani neno moja la Kiswahili linalogawanyika mara mbili au tatu likivuka kwenda Kiingereza, ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, na ndilo linalokosekana katika orodha. Chukua kusikia. Kwetu mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, husikia usingizi, husikia harufu ya samaki. Kiingereza kimelifungia "hear" ndani ya masikio peke yake. Baridi, njaa na usingizi vinakwenda kwa "feel", harufu ina "smell", na ikiwa mtu anasikiliza kwa kukusudia, hapo ni "listen". Huyu wa mwisho hatusumbui, kwa kuwa tunazo kusikia na kusikiliza, na tofauti yao inalingana vizuri na ile ya "hear" na "listen". Vivyo hivyo kuona na kutazama husaidia kutenga "see" na "look". Taabu ipo pale ambapo Kiswahili hakijagawa.

Kufuata ni mfano mwingine, nao una madhara yake. Mzazi anayesema "nimekuja kumfuata mtoto" ana maana kwamba amekuja kumchukua ampeleke nyumbani. Akisema "I have come to follow the child", msikilizaji Mwingereza atapata picha ya mtu mzima anayetembea nyuma ya mtoto barabarani. Neno analolihitaji ni "fetch" au "collect". Katika mji ambao wageni wanafanya kazi pamoja na wenyeji, kosa la namna hiyo linaweza kuharibu mazungumzo yote kabla hayajaanza.

Hospitalini pia mgawanyo huu una uzito. Mguu wetu unaanzia nyongani na kuishia vidoleni. Kiingereza kinaukata kwenye kifundo, juu yake "leg" na chini yake "foot". Mkono nao umekatwa kuwa "arm" na "hand", na kidole kina jina moja kikiwa mkononi, "finger", na jingine kikiwa mguuni, "toe". Mgonjwa anayemwambia daktari mgeni kwamba ameumia "finger" huku kidole chenyewe kiko ndani ya kiatu atachunguzwa mkono kwanza.

Upande wa pili wa jambo hili ni maneno ambayo sisi tumegawa na wao hawakugawa. Shambani ni mpunga, dukani ni mchele, mezani ni wali, na kwa Mwingereza yote matatu ni "rice". Mjomba na ami wote ni "uncle". Haya hayasababishi makosa ya kuandika, ila huleta wasiwasi: mwanafunzi makini huhisi kwamba lazima kuna neno la pili ambalo hajafundishwa, naye hulitafuta kwenye kamusi bila kulipata. Ni vizuri aambiwe wazi kwamba halipo.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa Mswahili ana faida ambayo hata wenye lugha hawana. Jozi za "lie" na "lay", "rise" na "raise", "sit" na "set" zinawatesa Waingereza na Wamarekani hadi leo. Utamsikia Mmarekani aliyesoma sana akisema "I'm going to lay down" pale ambapo sarufi inataka "lie down". Kwetu jozi hizo ni nyepesi, kwa kuwa tunazo tayari katika mnyambuliko wa vitenzi. Kulala na kulaza. Kuinuka na kuinua. Kuketi na kuketisha. "Lie" ni kulala mwenyewe, na "lay" ni kulaza kitu, kwa hiyo "lay" daima hudai kuambiwa kitu gani kinalazwa. Huwezi kusema "nakwenda kulaza" ukanyamaza. Atakayekusikia atauliza, kulaza nini?

Huu haukuwa ulinganisho wa bahati tu. Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka elfu iliyopita, kilikuwa na kauli ya kutendesha iliyofanya kazi kama yetu, ingawa yao ilionekana zaidi katika kubadilika kwa irabu ya ndani ya neno. Kulala kulikuwa "licgan" na kulaza kukawa "lecgan". Kuketi kulikuwa "sittan" na kuketisha kukawa "settan". Kuanguka kulikuwa "feallan" na kuangusha kukawa "fellan", na ndiyo sababu mpaka leo mkata miti kwa Kiingereza "fells a tree", yaani anauangusha mti. Hata "drench", ambalo leo linamaanisha kulowanisha chapachapa, lilikuwa kunywesha, kutokana na "drink". Jozi ya "rise" na "raise" ina historia tofauti kidogo, kwa sababu "raise" iliingia kutoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza, lakini nao waliitengeneza kwa njia hiyohiyo ya kutendesha. Baadaye kanuni ikafa, na maneno yakabaki mawilimawili bila mtu kukumbuka yanavyohusiana. Kwetu sisi kanuni ingali hai, na mtoto wa darasa la pili anaitumia bila kufundishwa. Ninaona ni hasara kubwa kwamba mwalimu wa Kiingereza anaingia darasani na kukataza Kiswahili kisitamkwe, hali Kiswahili ndicho chenye ufunguo wa somo analolifundisha.

Ufunguo huo unafungua milango mingine pia. "Remember" ni kukumbuka na "remind" ni kukumbusha; aliyeshika hivyo hataandika "please remember me to pay the rent" akitaka kukumbushwa kodi. "Learn" ni kujifunza na "teach" ni kufunza. Jozi za vivumishi kama "bored" na "boring", "interested" na "interesting", ambazo huleta aibu isiyostahili, zinaelezeka kwa kauli ya kutendwa: "I am bored" ni nimechoshwa, na "I am boring" ni mimi nachosha watu. Kijana anayeongoza wageni akiwaambia "I am boring" baada ya safari ndefu ya Pangani, amejitangaza vibaya bila kukusudia, na tiba yake ni viambishi viwili anavyovitumia kila siku katika lugha yake.

Upande wa sauti, lazima tuseme ukweli kwamba kuna mahali pa faida na mahali pa shida. Faida ni konsonanti. Kiswahili kinatofautisha s na z bila taabu, kama katika saa na zaa, na tofauti hiyo ndiyo inayotenga "price", yaani bei, na "prize", yaani zawadi ya mshindi. "Advice", ushauri, na "advise", kushauri. "Loose", iliyolegea, na "lose", kupoteza. Hizi mbili za mwisho huandikwa vibaya na Waingereza wenyewe kila siku. Anayezitamka sawasawa, "loose" kwa s na "lose" kwa z, ana njia ya kukumbuka maana, ingawa tahajia yake inabaki ya kukariri. Aidha, watu wa pwani wamejaliwa th na dh kupitia maneno kama thamini na dhamini, ambayo ni mambo mawili tofauti sana mbele ya benki. Tofauti hiyohiyo ipo kati ya "breath", pumzi, na "breathe", kupumua. Kati ya "bath" na "bathe". Nomino ina th, kitenzi kina dh. Mwanafunzi wa Tanga hana haja ya kufundishwa kuweka ulimi katikati ya meno. Anahitaji kuambiwa tu kwamba ni sauti zilezile.

Shida ni irabu. Sisi tuna tano, na Kiingereza cha Uingereza, kile kinachofundishwa katika kamusi, huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka irabu moja hadi nyingine. Irabu tano zinapolazimika kubeba kazi ya 20, maneno yanaangukiana. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" ni kofia, kibanda, moyo na kuumiza, na kwa sikio ambalo halijazoezwa yote manne yanasikika kama "hati" iliyokatwa mwisho. "Ship" na "sheep" ni meli na kondoo, na katika mji wa bandari jozi hiyo haiwezi kuachwa hivihivi. Lakini inayoleta hasara zaidi ni "live" na "leave". Mtu akiulizwa "where do you live?" akasikia "leave", atajibu habari ya kuondoka badala ya habari ya makazi, na katika usaili wa kazi jibu hilo linasikika kama mtu asiyesikiliza.

Makosa mengi hapa yanatokana na maelezo ya shuleni kwamba irabu ya "ship" ni fupi na ya "sheep" ni ndefu. Mswahili anayesikia maelezo hayo anafikiria kuku na kuukuu, ambapo kweli tofauti ni urefu peke yake, kisha anatamka i yetu kwa ufupi na anaamini amemaliza. Tofauti ya "ship" na "sheep" ni zaidi ya urefu. Ulimi wenyewe unakaa mahali tofauti: katika "sheep" unakaa karibu na i yetu, na katika "ship" unashuka kidogo, katikati ya i na e ya Kiswahili. Ninawataka wanafunzi waseme "si", kisha "se", kisha watafute sauti iliyo katikati, polepole, wakisikilizana wawili wawili. Wanaipata. Wakishaipata, "live", "fill", "sit" na "bin" zinajitenga zenyewe na "leave", "feel", "seat" na "bean", bila orodha yoyote ya kukariri.

Tahajia nitaigusa kwa ufupi zaidi, kwa kuwa hapa ndipo orodha za kigeni zinapotufaa kidogo. Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Kiingereza kilianza kupigwa chapa wakati matamshi yake yanabadilika. William Caxton aliweka mtambo wake Westminster mwaka 1476, na herufi nyingi zilizokuwa bado zinatamkwa zama zile, kama k ya "know" na gh ya "night", zilibaki kwenye karatasi baada ya kutoka midomoni. Ndiyo maana "know" na "no", "night" na "knight", "write" na "right" zinafanana kwa sikio na kutofautiana kwa jicho. Hakuna kanuni itakayokuonyesha hilo. Ni kusoma sana tu.

Hata hivyo, yapo maneno ambayo asili yake inasaidia kuliko hila za kukariri. Pita Ngamiani utazame mbao za maduka ya kutoa kopi na kuuza karatasi, yale tunayoyaita steshenari. Nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa rangi ya buluu au nyekundu, na kwenye baadhi yake neno kubwa la juu kabisa ni "STATIONARY", lenye a, ambalo maana yake ni kitu kilichosimama mahali pamoja bila kusogea. Neno la dukani ni "stationery", lenye e. Kisa chake ni kwamba Ulaya ya kale wauzaji wengi walikuwa wachuuzi wa kutembea, na muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, hasa karibu na vyuo vikuu, aliitwa "stationer", yaani aliyetulia mahali pake. Maneno yote mawili ni ya ukoo mmoja. Lakini ukishajua kwamba mwuzaji ni "stationer", kama vile mwoka mikate alivyo "baker", basi "baker" anazaa "bakery", na "stationer" anazaa "stationery". Herufi e haitakupotea tena.

"Affect" na "effect" pia zina msaada wa nyumbani. Sisi tuna athiri na athari, kitenzi na nomino, zilizotofautiana kwa irabu moja, kama wao. "Affect" ni kuathiri, "effect" ni athari. Yapo matumizi mengine, kwa mfano "effect" ikiwa kitenzi chenye maana ya kuleta jambo litokee, lakini mwanafunzi anaweza kuyasubiri. "Principal", mkuu wa chuo, na "principle", kanuni, hazihitaji zaidi ya kutajwa.

Jambo la "practice" na "practise" linahitaji tahadhari kwa wanaoandika kwa simu. Uingereza huandika nomino kwa c na kitenzi kwa s. Marekani huandika zote mbili kwa c. Kwa "licence" na "license" Uingereza hufuata utaratibu uleule, ila Marekani huandika zote kwa s. Simu iliyowekwa kwenye Kiingereza cha Marekani itapiga mstari mwekundu chini ya "practise" na kumfanya mwandishi aliyepatia aamini kuwa amekosea. Shuleni na maofisini kwetu tahajia iliyozoeleka ni ya Uingereza, kwa hiyo badilisha mpangilio wa lugha wa simu kabla ya kuibadilisha sentensi yako.

Kuna pia maneno ambayo tuliyachukua kwa Kiingereza, tukayapa maisha yetu, kisha tunayarudisha tukidhani yangali yaleyale. Hoteli kwetu inaweza kuwa mahali pa chai, supu na chapati asubuhi. "Hotel" kwa mgeni ni mahali pa kulala, na anayetaka kula utamwelekeza "restaurant" au "café". Presha kwetu ni ugonjwa. Kwa Kiingereza kila mtu mwenye uhai ana "blood pressure", na mgonjwa anatakiwa aseme kwamba yake iko juu, "high". Pole na samahani, kwa upande mwingine, zote huenda kwa "sorry", na mgeni aliyejikwaa ukimwambia "sorry" anaweza kukujibu kwamba si kosa lako. Hajakudharau, amedhani umeomba radhi.

Nimeliweka mwisho neno ambalo linagusa riziki ya watu moja kwa moja, nalo ni kutarajia. Karibu kila barua ya kuomba kazi ninayoletewa niipitie inamalizika kwa "I am expecting your reply". Kwa Kiswahili "natarajia jibu lako" ni adabu. Ni sauti ya mtu anayengoja kwa heshima. Kitarajio chetu kimebeba tumaini na matazamio kwa pamoja, lakini Kiingereza kimevitenganisha. "Hope" ni la anayetumaini bila kudai. "Expect" ni la anayejua kwamba jambo litatokea, au anayeona kuwa ni haki yake litokee: mwajiri "expects" mfanyakazi afike kwa wakati. "Wait" ni kungoja tu, na "wish" hutumiwa zaidi kwa lisilokuwepo au lisilotarajiwa sana. Kwa hiyo sentensi iliyoandikwa kwa unyenyekevu inafika mezani kwa mwajiri ikiwa na sauti ya kudai, na mwandishi hayupo pale kuieleza. Mwanafunzi anayeandika barua yake wiki hii afute mstari huo wa mwisho na aandike "I look forward to hearing from you", na "hearing" iwe na -ing, kwa sababu "to" ya hapo ni kihusishi, na kihusishi cha Kiingereza hufuatwa na nomino au kitenzi chenye -ing.